Mbuzi wa Posa na Farasi Aliyeitwa Wasiwasi

Kila kijana anayeingia hapa kwangu husimama mbele ya ile picha ukutani. Huuliza farasi ni yupi, mzungu ni nani, na kama kikombe kilikuwa cha fedha kweli. Hakuna anayeuliza kuhusu kamba. Itazameni vizuri. Mkono wangu wa kulia umeshika hatamu ya farasi. Wa kushoto umeshika kamba nyingine, imevutika, nayo inatoka nje ya picha. Mwisho wa kamba hiyo alikuwapo mbuzi. Mwenye kamera alimsukuma pembeni kwa mguu, akisema anaharibu heshima ya kikombe.

Bila mbuzi huyo farasi asingeshinda. Na farasi asingempenda mbuzi huyo, mimi nisingehangaika vile nilivyohangaika kumwoa Nyambura, huyu mama aliyewaletea chai. Basi kunyweni chai, niwaelezeni. Mtanivumilia nikisimama na kukaa na kusimama tena. Kiti na mimi hatujawahi kupatana, na mkifanya kazi na farasi wa mbio miaka kama yangu, hata nyinyi mtatembea mkila.

Nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwenye shamba moja karibu na Rongai. Ilikuwa miaka ya hamsini inaanza, kabla serikali ya wakoloni haijatangaza Hali ya Hatari, ikatupakia sisi Wagikuyu kwenye malori na kututawanya. Shamba lilikuwa la mkufunzi wa farasi wa mbio. Jina lake la kwao tuliache. Sisi tulimwita Kiberiti, kwa sababu alikuwa mwembamba, kichwa chekundu, na ukimgusa kidogo tu anawaka.

Kiberiti hakuwa na farasi wake hata mmoja. Waliokuwa pale ni wa walowezi wengine, waliomletea awafundishe, na mwenye farasi angeweza kumwondoa siku yoyote akampeleka kwa mkufunzi wa Nairobi. Ndiyo maana hakutulia. Jua likichomoza upande wa Menengai lilimkuta tayari juu ya ua wa mbao, saa mkononi, anapima mwendo, anatema mate, anapima tena. Mkufunzi akishinda analetewa farasi. Akishindwa ananyang'anywa. Na Kiberiti akikosa farasi, sisi masaisi tulikuwa hatuna kazi wala pa kulala, maana vibanda vyetu vilikuwa kwenye ardhi yake.

Mkubwa wetu alikuwa Arap Koros, Mkipsigis wa makamo, masikio yametobolewa, mwendo wa polepole uliomkera Kiberiti kutoka asubuhi mpaka jioni. Wawili hao walifanya kazi pamoja miaka mingi na sikuwahi kuwasikia wakisifiana. Kila asubuhi Arap Koros alipitisha mgongo wa kiganja kwenye mguu wa kila farasi, kutoka goti kwenda chini, akitafuta joto. Akilisikia, anatikisa kichwa, na farasi huyo hakimbii, hata kama mwenyewe amekuja na wageni waliovaa kofia za maua. Kiberiti angefoka, angepiga ndoo teke, kisha angemtoa farasi kwenye mbio. Ndoo zetu zote zilikuwa zimebonyea.

Mkitaka kujua kwa nini walishinda, sababu ni hiyo. Magazeti yaliandika mkufunzi fulani na mpanda farasi fulani. Hayakuandika kiganja.

Ngoja, nimeruka. Kamba. Somo la kwanza la Arap Koros lilikuwa kamba. Ukimwongoza mnyama, unaikunja kamba na kuishika katikati ya mkunjo. Huizungushi mkononi hata siku moja. Alikuwapo saisi mmoja mwenye maringo ambaye aliizungusha, ili awe na mkono wa kumpungia msichana aliyekuwa akipita barabarani. Ndege akaruka kutoka kwenye nyasi, farasi akashtuka, na jamaa akaburutwa naye kama jembe shamba zima la shayiri mpaka bwawa la ng'ombe. Alitoka mzima, ila suruali ilibaki huko, na msichana alikuwa bado anaangalia. Arap Koros alimwosha matope akisema bila kucheka kwamba kamba ni ya mnyama, mkono ni wako, usivifungishe ndoa. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Sasa Wasiwasi. Alikuwa farasi jike wa rangi ya kahawia iliyoiva, wa mlowezi mmoja mwenye mashamba ya ngano upande wa Njoro. Jina lake la kizungu lilikuwa refu, linataka meno mengi. Sisi tulimwita Wasiwasi siku ile ile aliyoshuka kwenye lori. Ukimfungulia uwanjani asubuhi, alikimbia mpaka Kiberiti akaitikisa saa yake akidhani imeharibika. Lakini ukimrudisha chumbani alianza kuzunguka. Alizunguka ukutani, mlangoni, ukutani, mlangoni, majani chini yamekuwa unga. Hakulala. Chakula alichukua mdomoni akaendelea kutembea nacho. Ikifika siku ya mashindano, alikuwa ameshazimaliza mbio zake ndani ya chumba, jasho limemtoka povu, na uwanjani alikimbia nyuma ya farasi ambao nyumbani wasingeuona mkia wake.

Mimi ndiye niliyepewa kumtunza. Nadhani walinichagua kwa sababu nami sikukaa. Tukawa wawili tunaozunguka.

Kiberiti alijaribu kila kitu. Alifunga mlango wa juu, akaufungua. Alitundika magunia. Alimletea punda wa kumtuliza, na Wasiwasi akampiga punda teke lililomtoa mlangoni kama amefukuzwa na askari. Mwenye farasi akaanza kuja kila wiki, anasimama mbali na kuongea na Kiberiti kwa sauti ya chini. Tulielewa bila kutafsiriwa. Huyo ndiye aliyekuwa na farasi wengi zaidi pale. Akiondoka yeye, wengine wangemfuata.

Wakati huo huo mimi nilikuwa na mashindano yangu. Nyambura alikuwa bintiye msimamizi wa msumeno mkubwa kwenye kiwanda cha mbao kule Elburgon. Mzee huyo alikuwa na kidole kimoja pungufu na maneno machache kuliko vidole. Kwetu Wagikuyu, kijana akitaka binti, hatua ya kwanza anapeleka mwati na harika: kondoo jike mchanga na mbuzi jike mchanga. Ni lazima wawe hawajazaa na hawajapandwa. Hao wakifika na kupokelewa, binti ametambuliwa kwamba ana mtu. Wasipofika, wewe ni mpita njia tu unayependa kusalimia salimia.

Wangu nilikuwa nao. Mama alininunulia kwa mahindi yake, na mzee mwenyewe, alipopita Rongai kwa shughuli za mbao, aliwakagua. Alimshika mbuzi masikio, akamtazama meno, akasema, "Huyu." Mbuzi alikuwa mweupe, doa jeusi jichoni, mtundu ajabu. Ukishaonyesha mbuzi mmoja ukapeleka mwingine, utaitwa mwongo kabla hujaitwa mkwe. Kwa hiyo alikuwa ni huyo, si mwingine.

Niliomba ruhusa kwa Arap Koros niwafunge wanyama wangu kwenye chumba kitupu jirani na Wasiwasi, siku chache tu, mpaka baba mdogo apate nafasi ya kunisindikiza Elburgon. Asubuhi ya pili nilikuta mbuzi hayupo. Nikachungulia kwa Wasiwasi, nikijua nitaona mifupa.

Wasiwasi alikuwa amelala. Amelala chini, miguu imekunjwa, macho nusu, na mbuzi wangu amesimama juu ya mgongo wake anatafuna majani kutoka kwenye wavu wa farasi. Sikuwahi kumwona farasi yule akiwa chini. Nilisimama pale mpaka Arap Koros akaja, naye akasimama, na mwisho Kiberiti akaja kwa kishindo kuuliza kwa nini kazi haianzi. Akaona. Ile ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtu yule akinong'ona.

"Mbuzi ya nani?" aliuliza.

Nilisema ni wangu. Alinipa sigara yake mwenyewe, akafunga mlango polepole kama mlango wa mtoto mchanga, akaamuru mbuzi asitoke humo. Siku hiyo hiyo mbuzi alipangiwa pumba na maziwa. Mimi posho yangu ilibaki vile vile.

Nilimwambia nina safari naye. Alisema atanipa mbuzi mwingine, hata wawili. Nikasema si hivyo. Hakungoja kusikia ni vipi, alikuwa ameshaenda. Kumbe yeye naye alijaribu kumbadilishia Wasiwasi. Alileta mbuzi mwingine mweupe, na farasi akamwinua kwa meno akamtupa kwenye ndoo. Tukajua kwamba sote wawili, mimi na farasi, tumeposewa mbuzi mmoja.

Ikawa nashindwa kulala mimi badala ya farasi. Wasiwasi alishinda Nakuru, akashinda tena. Tulipompeleka Nairobi kwa treni, karani wa stesheni alikataa mbuzi kwa kuwa hajui amwandike abiria au mzigo. Kiberiti alimjibu kwa lugha ambayo sitaitamka mbele ya Nyambura. Mbuzi akapanda. Akasafiri amesimama kati ya miguu ya mbele ya farasi, anakula kamba za magunia, na kule Wasiwasi akawaacha farasi wa wakubwa wakimeza vumbi. Mlowezi wa Njoro akaongeza farasi wengine. Jina la Kiberiti likaanza kusomwa kwenye mikahawa. Mimi niliona mbuzi ananenepa tu.

Na kulikuwa na beberu. Beberu la majirani, lenye harufu iliyofika kabla yake, lilipata habari kwamba kwetu kuna mtoto wa watu. Lilikuja kila jioni kupiga pembe mlangoni. Mbuzi wangu akipandwa, si harika tena, na safari yangu imeishia hapo. Mzee wa Elburgon hakumlinda binti yake jinsi nilivyomlinda yule mbuzi. Nililala mlangoni na fimbo. Masaisi wenzangu waliniita Baba Mkwe.

Habari kutoka Elburgon zilikuja na madereva wa malori ya mbao, na kila dereva alikuja na habari fupi zaidi. Wa kwanza alisema mzee anasalimia na anauliza. Wa pili alisema mzee anauliza. Kisha Jumapili moja, lori likasimama barabarani na akashuka Nyambura mwenyewe, vumbi la mbao kwenye kitambaa cha kichwa. Hakunisalimu. Aliomba kuonyeshwa.

Nikampeleka. Wasiwasi alikuwa amelala, mbuzi amejiegemeza kwenye tumbo lake. Nyambura aliwatazama kwa muda mrefu, na mimi nilijipa moyo kwamba ataona ni jambo la ajabu na kulainika.

"Mimi nangoja mbuzi," alisema, "na mbuzi anangojwa na farasi. Sasa mimi ni wa ngapi?"

Aliniambia kwamba kuna dereva wa kiwanda ameomba kuja kwao na wazee wake, na babake hakumkataa wala hakumkubali. Alisema, "Baba amesema atangoja mpaka hiyo mashindano yenu kubwa ya Nakuru ipite. Ikipita na boma iko tupu, ataitikia huyo mwingine. Na mimi sitalia mbele ya watu, ukitaka kujua." Alipanda lori. Nilizunguka kile chumba kitupu mpaka jioni, ukutani, mlangoni.

Kesho yake nilikwenda kwa Kiberiti na Arap Koros. Nilianza kueleza, Kiberiti akaanza kufoka kwamba hajui shauri hii ya mbuzi, anajua farasi. Arap Koros akamwacha mwenzake amalize pumzi. Kisha akamwambia hivi: "Bwana, wewe unaandikisha farasi kwa mbio ya watu. Siku ikifika usipoleta, wanasema nini? Hii mbuzi imeandikishwa kwa baba ya msichana."

Kiberiti alishika kofia yake. Hilo alilielewa. Aliniuliza kwa nini sikusema, na nilimkumbusha kwamba nilisema, ila nilisemea mgongo wake. Alitembea mpaka ukutani na kurudi. Akasema nimpe mashindano makubwa ya Nakuru tu. Yakiisha, mbuzi ni wangu. Alinipa mkono. Mzungu wa siku zile kukupa mkono halikuwa jambo dogo, na nilirudi kibandani nikiutazama mkono wangu.

Siku yenyewe nilimbeba na kondoo kwenye lori la farasi, nikamfunga nyuma ya mabanda ya uwanjani, ili nikitoka hapo niende moja kwa moja. Dereva mmoja wa mbao alinihifadhia nafasi. Baba mdogo alikuwa ananingojea Elburgon na wazee wawili. Mbuzi alikaa na Wasiwasi mpaka dakika ya kumtoa. Mbio zenyewe sikuziona vizuri kwa vumbi na kwa machozi ya vumbi, lakini nilisikia sauti ya Waafrika upande wetu wa ua ikipanda, na nilijua. Kiberiti alirusha saa yake hewani akasahau kuidaka.

Ndipo tukapiga hii picha. Lakini kabla tu ya mwenye kamera kujiinamia, mlowezi wa Njoro alimshika Kiberiti bega na kumwambia kitu. Niliona uso wa Kiberiti ukibadilika. Alinisogelea, macho yake yako kwenye kwato za farasi.

"Wasiwasi nakwenda mbio ya Nairobi na treni ya jioni," alisema. "Bwana mkubwa nataka. Mbuzi nakwenda pia. Wiki moja tu."

Nilisema hapana. Nilikuwa sijawahi kumwambia mzungu hapana, na lilitoka dogo, kama la mtu mwingine. Akalirudia lake. Nikalirudia langu. Ndipo nilipozungusha kamba ya mbuzi mkononi, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka vidole vikafa ganzi. Mwenye kamera akasema tutulie. Hiyo ndiyo picha. Kiberiti hatabasamu, na watu husema ni ukali wa wazungu wa zamani. Ni aibu ile.

Picha ilipokwisha aliita askari wa uwanjani. Hakuwa na haja ya kusema mengi. Mgikuyu anayeondoka kazini na mnyama bila barua ya bwana wake alitosha kutiliwa mashaka. Arap Koros akaja kwa mwendo wake ule ule, akanitoa hatamu ya Wasiwasi mkono wa kulia, akasimama kati yangu na askari.

"Bwana," alisema, "kijana alikupa mbuzi yake. Wewe ulimpa mkono. Mbuzi imemaliza kazi. Mkono yako bado."

Kulikuwa na watu wengi, wenye kofia za maua na wote. Kiberiti aliwaka mpaka shingoni. Nilitazamia ndoo ipigwe teke, na haikuwapo ndoo karibu. Mwisho akampungia askari aondoke, akatupa kisogo. Arap Koros hakunitazama. Alisema tu, "Nenda, kabla hajapoa." Nilikwenda. Nyuma yangu nilimsikia Wasiwasi akilia, sauti ndefu, na mbuzi akamjibu kutoka kwenye kamba yangu, na sitaficha, iliniuma. Lakini sikugeuka.

Elburgon, wanyama wangu walipokelewa. Mzee alimshika mbuzi masikio tena, akamtazama meno, akatazama nyuma, akaridhika. Alisema mbuzi amenenepa kuliko mimi. Dereva wa kiwanda akaambiwa boma lina wenyewe.

Kazi, basi, sikuwa nayo. Mzee alinitia kwenye kiwanda kubeba mbao. Unga wa mbao kwenye pua, sauti ya msumeno masikioni, ukuta wa msitu wa Mau mbele yangu badala ya bonde lililo wazi. Mikono yangu ilitafuta mnyama. Usingizini nilikuwa nikisugua mgongo wa farasi na kupuliza hewa kwenye meno kama tulivyofundishwa, na wenzangu wa kibandani walidhani nimepagawa. Tulisikia kwamba Wasiwasi alizunguka kwenye behewa mpaka Nairobi na akaja wa mwisho. Akaja wa mwisho tena. Wengine watafurahi adui akianguka. Mimi kila habari ilinikosesha chakula, kwa sababu farasi hakuwa amenikosea, na Arap Koros alikuwa kule akingoja kufukuzwa pamoja naye.

Jumamosi moja gari la Kiberiti likapanda kilima, linachemka. Alishuka yeye na Arap Koros. Mzee alikuwa anakunywa uji uani. Kiberiti alianza kuongea akiwa bado anatembea, ng'ombe ngapi, pesa ngapi, mbuzi huyo mmoja tu. Mzee alionyesha kigoda. Kiberiti akaendelea kuongea. Mzee akaonyesha kigoda tena. Mtu ambaye sijawahi kumwona ameketi isipokuwa juu ya farasi, aliketi, magoti yamefika kidevuni, akapewa uji kwenye kibuyu. Arap Koros aliangalia milima ili asicheke.

Uji ulipoisha ndipo mzee akasema, "Mbuzi ya binti yangu ikiingia hapa haitoki. Hata kwa gavana. Lakini sasa imeingia, inaruhusiwa kuzaa. Mtoto yake tunaweza kuongea."

Kiberiti alitoa ile saa yake, sijui kwa nini, nadhani mkono ulizoea. Aliuliza mtoto atazaliwa lini.

"Weka hiyo," mzee alimwambia. "Hii haipimwi na saa. Na kitu kingine. Mkwe wangu arudi kwa kazi yake. Hapa ananiharibia mbao, anazichana mgongo kama farasi."

Kiberiti alinitazama. Hakuomba msamaha, wazungu wa siku zile hawakujua neno hilo kwa Kiswahili. Alisimama, akanipa mkono mara ya pili, mbele ya Nyambura safari hii, ambaye alikuwa amekuja na kibuyu akasimama kuhesabu kama mikono miwili inatosha. Aliniambia baadaye kwamba ilitosha kidogo.

Nilirudi Rongai. Kiberiti alimwambia mlowezi wa Njoro kwamba farasi ana joto mguuni na lazima apumzike. Ndivyo magazeti yalivyoandika, na ndivyo wazee wanaopenda habari za mbio wanavyowaambieni hadi leo, kwamba Wasiwasi aliumia mguu akapotea uwanjani kwa miezi. Mguu ulikuwa mzima. Arap Koros alipitisha kiganja kila asubuhi, hakuna joto, na kila asubuhi alitikisa kichwa kwa heshima kubwa. Banda zima, mkufunzi, masaisi, mpanda farasi na farasi wenyewe, tulikuwa tunangoja mbuzi wa Elburgon azae. Kiberiti alipima hatua uani. Mimi nilipima zangu. Hakuna aliyejua kama farasi atamkubali mtoto, na mlowezi alikuwa ameshasema huu ndio msimu wake wa mwisho na sisi.

Alizaa jike, mweupe, bila doa. Nilimbeba kwenye koti langu juu ya lori la mbao, kichwa kimechomoza kati ya vifungo, Nyambura pembeni yangu na mizigo yake yote, maana mambo ya wazee yalikuwa yameshamalizika naye alikuwa anakuja kukaa. Tulipofika, Wasiwasi alikuwa anazunguka. Nilimweka mtoto mlangoni, nikarudi nyuma. Kiberiti aliishika kofia. Farasi alisimama. Aliinama, akanusa mtoto kuanzia kwato mpaka masikio, muda mrefu, na nilifikiri juu ya yule mbuzi aliyetupwa kwenye ndoo. Halafu magoti yake ya mbele yakakunjika, na ya nyuma, akalala. Mtoto akapanda mgongoni kama aliyeonyeshwa njia na mamake.

Kiberiti aligeuka, akatafuta ndoo, akaipiga teke mpaka ikavuka ua.

Wasiwasi alishinda tena, na mlowezi akabaki, na vibanda vyetu vikabaki mpaka siku walipokuja kutuondoa kwa sababu nyingine ambazo mnazisoma shuleni. Arap Koros alimtunza yule mtoto wa mbuzi tulipoondoka. Hilo nilisikia, na nilishukuru.

Arap Koros aliiona hii picha mara moja tu, miaka mingi baadaye, alipokuja kutujulia hali. Aliikaribia kwa macho yake yaliyochoka, akaweka kidole juu ya mkono wangu wa kushoto, pale kamba ilipozungushwa. Aliniuliza alinifundisha nini juu ya kamba. Nikamjibu. Akauliza kwa nini basi niliizungusha. Kabla sijafungua mdomo, Nyambura akasema kutoka jikoni, "Mwambie ulikuwa umenishika mimi."